Lenzi Ndefu Niliyoiacha Dukani

Baba Zuhura,

Sikuinunua ile lenzi ndefu. Haya, nimesema. Asubuhi nzima nimeshika kalamu nikitafuta njia ya kukufikishia taratibu, nikaona bora nianze nayo, maana najua ungekuwa hapa ndilo swali lako la kwanza. Mungu akutilie nuru kaburini, mume wangu, na akupe subira unisikilize mpaka mwisho kabla hujakunja uso.

Umeondoka kabla ya mambo mengi. Hata arobaini yako ilikuwa haijafika, zikaja habari kwamba huko kusini kwa Wamatumbi watu wameng'oa pamba ya serikali na vita vimeanza. Wakasema ipo dawa ya maji, ukinyunyiziwa au ukiinywa, risasi ya Mdachi inageuka tone la maji mwilini mwako. Wewe ungecheka, kisha ungenyamaza, kwa vile ungewajua walioiamini. Mji mzima ukawa hauzungumzi jambo jingine. Wapagazi wakakusanywa kubebea jeshi mizigo. Na yule Mgoa uliyemfanyia kazi ya picha miaka yote ile akasema inatosha, anafunga duka, anarudi kwao kuzeeka.

Mimi nilikuwa edani, nimekaa ndani na nguo zangu nyeupe, nasikiliza. Kila aliyetoka Rufiji alikuja na lake. Huyu anasema visiwani hakukuguswa, yule anasema hakukubaki paa. Nami namfikiria mama yako huko kisiwani Maparoni, peke yake na mpunga wake. Na lililonichoma zaidi, Baba Zuhura, ni hili: umepiga picha maliwali, mabibi harusi, hata punda wa yule tajiri wa Kihindi, lakini mama yako mzazi hukumpiga hata mara moja. Kila mwaka ulisema, "Msimu huu wa kusi nakwenda." Kusi zikapita, ukapita na wewe.

Basi siku niliyotoka eda nilimwambia mdogo wangu Mshamu: nakwenda Maparoni, nikimkuta mama hai nampiga picha, nikimkosa nasoma Fatiha kaburini kwake. Mshamu akaniuliza kama nimepungukiwa akili. Nikamwambia pengine, lakini kamera ninayo na kazi naijua. Wewe ndiye shahidi wangu. Nani aliyeosha vioo vyako vya kunasia picha miaka sita? Na ulipoanza kutetemeka mikono, nani aliyekuwa akiingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi wewe ukiwaambia wateja kwamba mkeo anakushikia tu?

Tatizo lilikuwa lenzi. Ile yetu ndogo ya siku zote unaijua ilivyo mvivu. Juani ni nzuri, lakini kivulini unafunua kifuniko na kuhesabu mpaka kumi na mbili, na binadamu gani atatulia mpaka kumi na mbili? Nikaenda kwa Mgoa. Alikuwa ameshafunga makasha, zimebaki lenzi tatu mezani, akaniambia, "Mama Zuhura, chagua wewe kwanza, kwa ajili ya marehemu." Uwezo wangu ulikuwa wa moja tu.

Ya kwanza ilikuwa ile pana, inayoingiza nyumba nzima na ua wake. Niliielekeza kwenye mwanga kama ulivyonifundisha, nikaona nyuzinyuzi za ukungu zimeshaanza kutambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui. Nikaiweka chini. Zikabaki mbili: ile ndefu yako, na ile nene ya shaba ya kupigia sura, nzito kama mchi.

Ile ndefu nilianza nayo, sikuionea. Niliifunga kwenye kamera dirishani, nikaielekeza kisimani ng'ambo ya barabara. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiisifia: utapiga viboko ukiwa ukingoni, utapiga korongo bila kuwarusha. Na kweli inavuta! Nilimwona mwanamke anateka maji kama kwamba nipo ubavuni pake. Alikuwa anajikuna mgongo, anaongea peke yake, ana huzuni fulani usoni. Hakujua kama ninamwona. Nikajikuta nimetoa kichwa nje ya kitambaa kwa haya, mithili ya mtu aliyechungulia bafuni kwa jirani.

Kisha nikafunga ile nene. Hii haina habari na kisima. Ukiielekeza mbali unaona uji. Ilibidi nimwite Mshamu asimame hatua tatu mbele yangu. Palepale akaanza kucheka, akanyoosha kofia, akaniuliza akae vipi. Na ile sura yake katika kioo cha nyuma ya kamera, Baba Zuhura! Macho wazi kabisa, hata kovu la ndui, na pembeni kila kitu kinazunguka na kuyeyuka. Nikahesabu mwanga: dukani mle, kivulini, tatu tu zatosha. Moja, mbili, tatu, funika.

Nilisimama pale nikishika moja mkono huu na moja mkono huu. Ile ndefu ilikuwa ndoto yako, na mimi nilitaka kukutimizia ndoto angalau moja. Lakini ndiyo hiyo inayodai miguu mizito ya kusimamishia kamera, na sisi tulikuwa wawili tu, na mpagazi hapatikani. Tena nilikuwa nakwenda kwa mama, siendi kwa viboko. Nikachukua nene. Nilipotoka nililia kidogo barabarani, na Mshamu akajifanya anatafuta mwiba mguuni.

Kufunga mizigo ndiko kulikonikumbusha wewe kuliko msiba wenyewe. Nilitaka kubeba kila kitu. Nikapanga, nikapangua. Mwisho nikabaki na sanduku la kamera, miguu yake mitatu, vioo kumi na viwili, karatasi kidogo za kuchapia, chupa za dawa, na lenzi mbili: ya siku zote na hii mpya. Ile nene nikaivingirisha katika msuli wako wa kujifunga Ijumaa na kuizika ndani ya kikapu cha mchele mkavu isishikwe na unyevu. Zuhura nimemwacha kwa dada yangu. Alilia kwa dakika tatu, akaona kuku wana vifaranga, akanisahau.

Siku ya sita tukaingia Kibiti, miguu imevimba lakini salama. Njiani tulikutana na watu waliovuka Mto Rufiji kukimbia vita. Akina mama zaidi, na watoto waliokonda. Mmoja aliniomba maji nikampa, akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia chombo cha picha. Akaniambia, "Mimi usinipige. Siku nikishiba, njoo." Sikumpiga. Nilimwachia mchele, kikapu kikabaki nusu.

Kibiti palikuwa na kambi ya askari. Shaushi wao, yaani mkubwa wa askari weusi, alikuwa Mnubi mrefu mwenye sauti kama ngoma. Akaamuru tufungue kila kitu. Mkono ukaingia katika kikapu cha mchele, ukatoka na lile bomba la shaba, askari wakarudi nyuma hatua moja, wakidhani mzinga. Nikawaeleza ni jicho la kamera. Wakatulia. Kisha akatoa chupa, akaitikisa juani, akauliza, "Hii nini?"

Na mimi mkeo, niliyekaa miezi nikisikia habari hizo hizo tu, nikafungua kinywa na kusema, "Maji ya dawa, bwana."

Ah, Baba Zuhura! Nilimsikia Mshamu nyuma yangu anaanza kutamka shahada. Bunduki mbili zikainuka. Shaushi akanisogelea, akasema taratibu, "Maji ya dawa. Basi kunywa tuone."

Chupa ile unaijua. Ndiyo ya kuoteshea picha mpaka itokee kiooni, tone lake tu likiingia mdomoni unatapika siku mbili. Sijui ulimi uliupata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Bwana Shaushi, dawa ya hao wenzetu inasemwa kwamba ukinywa hufi. Hii yangu ukinywa unakufa. Sasa ninywe ufurahi, au niishi nikupige picha?"

Kisha askari mmoja nyuma akapiga chafya ya kicheko, mwingine akafuata, na Shaushi mwenyewe meno yakamtoka. Wakateremsha bunduki. Mshamu akakaa chini palepale.

Lakini kelele zilimtoa Mzungu wao hemani. Alipoiona kamera macho yakamng'aa, nikajua hatujapona bado. Akanichukua mpaka pale ardhi inapoteremkia bondeni, akanyoosha kidole. Mbali sana, kwenye miti, moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja kwamba pale wamejificha watu, anataka picha, aone nyumba ngapi, wanaume wangapi. Nipige sasa hivi.

Niliutazama ule moshi. Wa mtu gani sijui. Labda wa wapiganaji, labda wa yule mama na watoto wake wanachemsha mchele wetu. Na hapo, mume wangu, nikaona kwa akili yangu ile lenzi ndefu ilivyonivutia kisima mpaka ubavuni. Ningekuwa nayo ningesema nini? Nisingeweza kuificha, walishamwaga kila kitu chini.

Nikasema, "Bwana mkubwa, yangu haifiki huko."

Hakuamini. Akaifunga ile nene kwa mkono wake mwenyewe, akaingiza kichwa kitambaani, akakaa humo muda. Akajaribu na ndogo, moshi ukawa kama unywele. Akatoka, jasho tele, akasema, "Bure hii. Bure kabisa." Nikamwambia ndivyo zilivyo, zinapenda watu wa karibu. Akatupa kitambaa chini na kurudi hemani. Sikusema uongo hata neno moja, Baba Zuhura. Nilikuwa sina. Alhamdulillahi kwa nisichokuwa nacho.

Ahadi ni deni, nikampiga Shaushi picha. Alikaa juu ya sanduku la risasi, amejikakamua kama mlingoti. Nikiwa hatua tatu mbele yake nikamwuliza picha atampelekea nani. Akasema mama yake, hajamwona tangu alipochukuliwa jeshini, hajui kama yu hai. Uso ukamlegea, nami nikafunua. Moja, mbili, tatu. Siku ile nilichanganyikiwa moyo, nakwambia kweli. Huyu huyu aliyetaka ninywe sumu, huyu aliyefanya nisiyoyajua huko ng'ambo ya mto, na sura ile niliyoipata ni ya mtoto anayemtafuta mama yake. Nilimchapia nikampa, naye akaturuhusu kupita. Yaliyobaki namwachia Mungu, mimi mizani hiyo siiwezi.

Kutoka Kibiti tukateremka mpaka majini, tukapata mtumbwi wa wakata mikoko wakirudi kwao. Mshamu alipakata sanduku mapajani kama bibi harusi. Nilimwuliza yule mwenye mtumbwi habari za mama yako, nikimtaja kwa jina la baba yake, moyo mkononi. Akacheka mpaka akaacha kupiga kafi. "Yule? Nani amwue yule? Hata ndege wamemshindwa!"

Tukamkuta shambani, juu ya dungu, kile kibanda chake cha miguu mirefu cha kuamia mpunga usiliwe na ndege. Kombeo mkononi, sauti ileile. Aliponitambua aliliita jina lako badala ya langu. Hakushuka. Nilipanda mimi ngazi, tukashikana, tukakulilia vizuri, maana hakuwa amepata mtu wa kukulilia naye. Katikati ya kilio akanisukuma pembeni, akarusha jiwe, kundi la kwelea likaruka. "Endelea," akaniambia. Tukaendelea.

Vita havikuwafikia, kasoro siku nne walizojificha mikokoni kwa uvumi. Mengine atakueleza mwenyewe mtakapokutana, lakini msipange karibuni, nguvu anazo.

Habari ya picha aliikataa kata kata. Kwanza ni sanamu, pili hana nguo ya maana, tatu ndege. Nikamwambia sawa mama, basi njoo uone tu namna inavyokuwa. Nikamsimamisha Mshamu chini ya dungu, nikamfunika mama kitambaa. Unajua kioo cha nyuma kinavyopindua watu, miguu juu kichwa chini. Halafu sauti kutoka ndani ya kitambaa: "Aka! Mbona msuli wake haumwanguki?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Alikataa kutoka humo. Akamwamuru Mshamu atembee, aruke, ainame. Majirani wakaja, kila mmoja akataka kuchungulia shemeji wa marehemu aliyening'inia angani. Mwisho mama akatoka, akafunga vizuri ukaya wake wa kichwani, akasema, "Nipige. Lakini hapa hapa, na ndege wangu nawaangalia."

Basi fikiria. Juu ya dungu, kivuli cha makuti, sakafu ya fito inatikisika mtu akipumua. Nafasi yote ni hatua tatu. Ile ndogo ingetaka kumi na mbili, mama yako hajawahi kutulia hata tano. Nikafunga nene. Mshamu akashikilia miguu ya kamera kwa mikono miwili. Nikamwambia mama anitazame. Akanitazama. Moja, mbili, na kwenye tatu mkono ukaruka na kombeo, kwa kuwa ndege walikuwa wametua.

Nilidhani nimeiharibu. Niliotesha kioo chumbani kwake, tumeziba dirisha kwa mikeka na taa imevishwa kitambaa chekundu. Uso ulitoka wazi, kila kunyanzi mahali pake. Mkono tu umekuwa wingu, kama bawa. Nilipomwonyesha kioo, weusi umekuwa weupe na weupe weusi, akashika kifua: "Umenifanya Mzungu!" Nikamwambia asubiri jua.

Asubuhi nikaweka karatasi chini ya kioo, nikaiacha uani. Akachuchumaa mbele yake kama anayengoja chungu kichemke. Taratibu ikaanza kuwa ya kahawia, paji la uso, kisha pua, kisha midomo. Akasema polepole, si kwangu, "Kumbe." Kisha akasema, "Huyu si mimi. Huyu ni mwanangu. Hii pua nilimpa mimi, na haya macho. Miaka yote nahofu nimeshamsahau sura, kumbe nilikuwa nayo."

Mama hana kioo nyumbani, Baba Zuhura. Hakuwahi kujitazama akiwa na umri huu. Akaibusu karatasi, akaipeleka kwa kila jirani, na kwa kila jirani alisema jina lako.

Nilikuwa na vioo kumi vimebaki. Vyote vimeishia Maparoni, juu ya dungu lile lile, wanawake peke yao. Waume zao wasingewaruhusu kukaa hatua tatu mbele ya mwanamume mgeni, ila mbele yangu walivua haya wakacheka. Kuna mmoja anataka niende kijijini Ngorongo kwa dada zake. Nimekubali. Wewe ulianza kazi hii na watu waliokuja dukani. Mimi naona itabidi niwafuate waliko.

Nimerudi mjini juzi. Nimechapa nakala nyingine ya picha ya mama nikaitundika ukutani, na leo Zuhura ameigusa pua ile, kisha akaigusa ya kwake, akaenda kucheza.

Haya, mume wangu, nimekusimulia yote, kalamu imechoka na adhana ya alasiri inasikika. Lala ukiwa na amani nami. Nakuahidi mvua za kupandia zikianza nitamchukua Zuhura mpaka Maparoni, apande ngazi ya dungu kwa miguu yake, awaone ndege na kujifunza majina yao, na bibi yake amfundishe kutupa mawe kwa kombeo. Nitawapiga wote wawili. Hawatatulia hata kidogo, najua. Nitahesabu haraka.

Mimi wako, uliyeniacha na kamera,
Mama Zuhura